Kigimbi Changu Hakina Adabu

Katika nchi hii kuna magonjwa ya heshima. Ukisema una malaria, bosi anakupa ruhusa na jirani analeta uji. Ukisema presha imepanda, hata anayekudai anapunguza sauti. Sukari, vidonda vya tumbo, mgongo, vyote hivyo vina majina, vina dawa, na kila ukoo una mjomba aliyewahi kuumwa akapona au akafa, kwa hiyo mazungumzo yanapata pa kuanzia. Ninachoumwa mimi hakifai hata kuombea ruhusa. Nilijaribu.

"Bosi, kigimbi kinanicheza."

Akainua macho kutoka kwenye makaratasi yake. "Kinacheza nini? Singeli?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko, na mimi nikarudi kwenye kiti changu na mguu wangu. Basi acha niwaeleze ninyi wasomaji, maana ninyi angalau hamwezi kunikatiza.

Nyuma ya mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti, pale nyama inaponona, kuna msuli ambao usiku nikishajilaza unaanza kurukaruka wenyewe. Hauumi. Hauwashi. Ukiwasha taa na kuukodolea macho unaona ngozi inatutumka na kutulia, inatutumka na kutulia, kama samaki aliyesahauliwa mzimamzima kapuni. Sijauamuru. Miaka yote hii mguu huu umekuwa ukingoja amri yangu, leo umeanza kujiamulia. Ukichoka hapo, mchezo unahamia kwenye kope la jicho, mara begani, mara kwenye nyama iliyo chini ya kidole gumba, halafu alfajiri unarejea kigimbini kana kwamba hakuna lililotokea.

Wazee wetu walikuwa na majibu mepesi kwa mambo haya. Nilimpigia shangazi yangu wa Tanga, ambaye mwili wote wa binadamu anausoma kama ratiba ya safari. Kope la juu likicheza, mgeni anakuja. La chini likicheza, utalia. Kiganja kikiwasha ni fedha, unyayo ukiwasha ni safari. Nikamwuliza, je, kigimbi? Akanyamaza kidogo, nadhani hakikuwamo katika masomo yake, halafu akasema hiyo nayo ni safari tu, mwanangu, ila ya mbali zaidi.

"Mbali wapi, shangazi?"

Akasema salio lake linaisha, akakata. Mpaka leo sijaenda hata Kibaha.

Usiku ule, saa nane, nikaiuliza simu. Nayo haikuanza vibaya. Ilisema kahawa nyingi, usingizi haba, uchovu, mazoezi mazito, mawazo, baadhi ya dawa, upungufu wa madini mwilini. Nikavipita vyote hivyo mbiombio, maana havikuwa na hadhi ya saa nane za usiku. Mtu haamki saa nane, jasho likimtoka, akakubali kuambiwa kuwa ni kahawa. Nikateremka chini, na chini, na huko ndiko nilikokutana na herufi tatu: ALS.

Kwa ambao bado mnalala vizuri, ALS ni ugonjwa unaoua seli za neva zinazoiendesha misuli. Misuli ikikosa wa kuiamuru inadhoofika, inasinyaa, na mwishowe hata ile ya kumeza na kuvuta pumzi inashindwa kazi. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Na miongoni mwa dalili zake, wameandika bila haya, ni misuli kucheza. Nikaizima simu. Nikaiwasha tena. Kigimbi nacho kikawaka.

Kuanzia hapo nikawa msomi. Mtu asinidanganye kwamba Waswahili hatusomi. Tutie hofu uone. Naweza kukuambia kwamba aliyeueleza ugonjwa huo kitabibu ni daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, mwaka 1869. Naweza kukuambia kwamba Marekani wanauita kwa jina la Lou Gehrig, mcheza besiboli wa New York Yankees aliyecheza mechi 2,130 mfululizo bila kukosa hata moja, akajiondoa uwanjani mwaka 1939 mwili ulipomgomea, na mwaka 1941 akafariki akiwa na miaka 37. Mtu wa mechi 2,130! Mimi nikipanda ngazi za ofisini wiki nzima bila kusimama katikati kushika ukuta, natangaza. Na naweza kukuambia habari za Stephen Hawking, aliyeambiwa ana ugonjwa huo mwaka 1963, akiwa na miaka 21, akakadiriwa miaka miwili hivi ya kuishi, akaja kufariki mwaka 2018 akiwa na 76. Ungedhani habari hiyo ya Hawking ingenipa moyo. Wapi! Nilichokishika mimi ni kile kiti chake cha magurudumu, nikaanza kuutazama mlango wa chumba chetu na kujiuliza kama kitapita.

Mnaikumbuka pia ile shughuli ya mwaka 2014, watu wakijimwagia ndoo za maji ya barafu na kurushiana zamu mitandaoni? Ilikuwa ni kuchangisha fedha kwa ajili ya ugonjwa huuhuu. Nilicheka sana mwaka ule.

Wataalamu wanasema kule walikohesabu vizuri, Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wanaopata ugonjwa huu kwa mwaka ni kama watu wawili katika kila 100,000. Hesabu hiyo imewekwa ili kututuliza. Lakini mwenye hofu hawasomi wale 99,998. Anasoma wawili, na kinachobaki ni kujiuliza huyo mwenzake ni nani.

Vipimo nikavianzisha mwenyewe, kwa vifaa vilivyopo nyumbani. Mke wangu ni fundi cherehani, na asubuhi moja alitafuta futi yake ya kupimia nguo hadi chini ya kabati, mteja kasimama mlangoni na kitambaa cha harusi. Akaikuta kitandani, imezungushwa kwenye mguu wangu. Nikamwonyesha: kigimbi cha kushoto kimezidiwa na cha kulia karibu sentimita nzima. Akaichukua futi, akampima mteja mkono wa kulia, akampima wa kushoto, kisha akanigeukia. "Haya, na huyu naye tumwite gari la wagonjwa?" Mikono ya bibi harusi haikulingana. Kumbe ya watu wengi hailingani, kila fundi anajua, ila mimi sikuwa katika hali ya kupokea elimu kutoka kwa mtu mwenye pini mdomoni.

Ulimi nao nikaukagua, kwa kioo na tochi ya simu. Nilisoma kwamba katika ugonjwa ule ulimi hucheza. Nikautoa nje kadiri unavyofika, na naam, ukawa unatetemeka. Baadaye nimekuja kuelezwa kwamba ulimi wa yeyote ukitolewa nje namna ile hautulii, na daktari anayejua kazi yake huutazama ukiwa umelala ndani ya mdomo. Lakini hilo simu haikunitangulizia, na binti yangu aliyeingia bafuni akanikuta nimekodoa macho na ulimi nje akaenda kumwambia mama yake kwamba Baba anajifunza kuwa nyoka.

Kisha kuna mtungi wa gesi. Niliamua kila asubuhi niunyanyue ule wa kilo 15, mara kadhaa kwa kila mkono, na nichuchumae na kusimama kwa mguu mmoja, ili siku nguvu ikipungua nijue mapema. Baada ya mazoezi hayo misuli ikawa inacheza maradufu, nami nikaandika kwenye daftari: hali inazidi. Daktari alipolisoma daftari hilo alijishika kichwa kwa mikono yote miwili, mikono yenye afya kabisa.

Barazani msiniulize. Tunakaa pale baada ya alasiri, mwuza kahawa anapita na birika lake akigonganisha vikombe, na kila mtu ni bingwa wa mwili wa mwenzake. Wa kwanza akasema huo ni upepo mbaya. Wa pili akasema nimekanyaga kitu, na akataja mtaa ambao kitu hicho hupatikana. Wa tatu akasema nijipake mafuta ya habasoda, wa nne ndizi, kwa sababu zina potasiamu. Kijana wa duka la dawa aliyekuwa anapita akasema ni vitamini B, na kwa bahati anazo. Nikampa noti. Nimegundua kijana huyo kila unalomweleza analo, hata ukimwambia huumwi ana kidonge cha kukulinda usiumwe. Na mazungumzo yote hayo tukiwa tunanyweshana kahawa chungu, mimi nikiwa na kikombe cha ngapi sijui, na kashata mkononi.

Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa vitabu, akataka kunichekesha. Akanisimulia kuhusu Molière, mtunzi wa Kifaransa, aliyetunga mchezo wa kuigiza kuhusu bwana mmoja anayejidhania mgonjwa, madaktari wakimtafuna fedha kwa maradhi yasiyokuwapo. Watu waliucheka sana mchezo huo Paris mwaka 1673. Nikamwuliza, huyo Molière baadaye ikawaje? Mwalimu akasitasita, akanywa kahawa, akajibu kwamba, kwa kweli, yeye mwenyewe alikuwa akimwigiza huyo mgonjwa wa kujidhania, na katika onyesho la nne akazidiwa palepale jukwaani, akafa usiku uleule. Baraza zima likanyamaza. Ndio watu wanaojiita wafariji hao.

Nikaenda hospitali. Daktari wa mishipa ya fahamu ni mtu wa kusubiriwa, na benchi la kumsubiria limetengenezwa na mtu asiye na makalio. Kigimbi kilicheza foleni nzima. Kikacheza wakati wa kuonyesha kadi ya bima, kikacheza wakati wa kupimwa uzito. Jina langu likaitwa, nikaingia. Daktari ni kijana tu, angeweza kuwa mwanangu wa pili. "Shikamoo, mzee." Nikapumua kidogo, sidhani kama mtu anaweza kukupa shikamoo halafu hapohapo akakuambia unakufa.

Nikakunja suruali hadi gotini. "Kiangalie hicho."

Tukakiangalia. Daktari akavuta kiti. Mimi nikainama. Kigimbi kimetulia tuli, kimejifanya kigimbi cha mtu mwenye heshima zake. Nikakigonga kwa kidole. Nikakitikisa. Nikamwambia daktari asubiri, huwa kinaanza. Kiyoyozi kinanguruma, wagonjwa wanakohoa nje, watu wazima wawili tumekodolea mguu mtupu kama tunaosubiri matokeo ya kura.

Akasema hakuna shida, anaamini kwamba kinacheza. Akachukua nyundo ya mpira akanigonga magoti na viwiko. Akaniambia nimsukume, nimvute, nitanue vidole asiweze kuvibana. Nitembee kwa visigino, kisha kwa vidole. Akautazama ulimi, ndani ya mdomo. Halafu maswali, na haya nayaandika kwa sababu sikuyakuta saa nane za usiku: Vifungo vya shati unafunga? Ufunguo unazungusha? Kandambili zinakuvuka mguuni zenyewe bila wewe kujua? Unajikwaa kwa mguu uleule kila mara? Maji yanakupalia? Watu wanakuambia unaongea kama mlevi? Kwa yote nikajibu hapana, ingawa kwa lile la mwisho nilifikiri.

Akanieleza kwamba kwa wagonjwa walio wengi ugonjwa ule hujitangaza kwa kushindwa: mkono unashindwa jambo uliloliweza mwezi uliopita, mguu unaburuza, ulimi unakuwa mzito. Msuli unaochezacheza mahali pengi, hauna udhaifu, haujasinyaa, na uchunguzi wa daktari hauoni kasoro, ni jambo la kawaida kabisa. Katika kila watu 10 wazima, kama 7 huwa wanalipata, hasa kwenye vigimbi na kope. Akasema kuna watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliwafuatilia kwa miaka watu 121 wenye misuli inayocheza namna hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 1993: hakuna hata mmoja aliyepata ALS. Na kilichonishangaza zaidi, akasema wanaoongoza kwa hofu hii ni madaktari wenyewe na wanafunzi wao. Mwaka 2013 mabingwa wa Australia waliandika kuhusu matabibu wenzao wanaokuja wamejishika kope, wamekwisha kujiandikia wosia. Nikamwuliza kama na yeye. Akajifanya anatafuta kalamu.

"Kahawa unakunywa vikombe vingapi?"

"Vile vyetu ni vidogo."

"Vingapi?"

"Vidogo sana, daktari."

Akaandika. Akauliza na usingizi, akaandika tena. Kisha akanifundisha jambo ambalo sijalipenda mpaka leo. Ukiogopa, mwili unamwaga adrenalini, neva zinakuwa nyepesi kushtuka, msuli unacheza. Ukiuona umecheza, unaogopa. Kwa hiyo nipunguze kujichunguza. Futi nimrudishie mwenyewe, mtungi wa gesi ubaki jikoni, simu isilale chumbani, na muhimu kuliko vyote, nisimwulize mke wangu kila saa kama mguu umepungua, kwa sababu kila jibu la kutuliza linaishi muda mfupi na linazaa swali jingine.

Nikasubiri dawa. Hakuna dawa. Nikaomba kile kipimo cha kuchoma misuli sindano na kusoma umeme wake. Akasema kwa alichokiona hakihitajiki. Akasimama, akanipa mkono. Jamani! Hospitali gani hiyo, mtu unatoka mikono mitupu, hata kidonge cha kutuliza wanaokungoja nyumbani? Nauli nimelipa, nusu siku nimepoteza, na mke wangu anauliza wamekupa nini, nijibu nini? Nimeambiwa nilale?

Nafuu ilidumu hadi kituo cha mwendokasi. Kabla basi la Kimara halijafika, nikawa nimeshajiuliza: alikuwa amechoka? Mguu wa kulia aliugonga kwa nguvu zaidi? Na wale watu 121, ikiwa mimi ndiye wa 122? Nilipofika nyumbani nikamwuliza mke wangu kama daktari alikuwa sahihi kunikataza kumwuliza.

Ndipo alipoleta kibubu. Cha mbao, kimepigwa misumari, hakina mlango. Akakiweka juu ya meza ya cherehani na kutangaza bei: kila swali linalohusu kigimbi, kope, bega, ulimi au kidole gumba ni shilingi 1,000, taslimu. Na ukilipa hupati jibu, unalipia kuuliza. Nililalamika kwamba hakuna biashara ya namna hiyo duniani. Akanikumbusha kijana wa duka la dawa. Sasa nikianza tu, "Mke wangu, hebu angalia hapa," kiganja kinanyooshwa bila macho kutoka kwenye sindano. Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Niligundua naweza kuuliza kwa ujanja, kwa mfano, "Wewe unaonaje, suruali hii haijalegea upande mmoja?" Huo nao ukatozwa, na kwa kuwa ulikuwa wa hila ukatozwa mara mbili. Ile mashine ya overloki iliyokuwa imekufa tangu mwaka jana imetengenezwa, na mimi najua imetengenezwa kwa fedha za nani.

Ofisini nako mambo yamegeuka. Yule aliyecheka zaidi siku ya singeli, jirani yangu wa meza, nilimweleza dalili moja baada ya nyingine wakati wa chakula. Kesho yake kope lake likaanza. Keshokutwa mhasibu akashika paja. Sasa wananijia mmoja mmoja, kwa kunong'ona, wakikunja suruali, na wengine usiku wananitumia picha na video za miguu yao kwenye simu. Bosi amefunga mlango wake. Nimemwona kupitia kioo akikagua ulimi.

Mimi? Msuli bado unacheza, hasa siku nikilala vibaya. Kahawa ni vikombe viwili, vyote kabla ya adhuhuri, na barazani nakaa na maji kama msafiri. Simu inalala sebuleni. Juzi mke wangu aliniambia kigimbi kilicheza usiku kucha na mimi nakoroma. Nikamwambia habari za kigimbi ni 1,000, aweke.

Wewe unayedondosha vikombe, ambaye vifungo vimeanza kukushinda au kandambili inakuvuka yenyewe, acha gazeti uende hospitali leo, usipitie barazani. Wewe ambaye kope linacheza tu na kila kitu kingine kinafanya kazi, punguza kahawa, ulale. Na tafadhali sana, picha ya kigimbi chako usinitumie. Changu kinanitosha.